Homa ya Matumbo: Msingoje Mpaka Utumbo Utoboke



Hapa Kinyamaseke mtu akisema tumbo linamwuma, wenzake humwambia ni vidonda, au minyoo, au amelogwa. Hununua vidonge viwili vitatu dukani, na kesho yuko kazini. Mara nyingi hapati msiba. Lakini ikiwa ni homa ya matumbo, msiba uko njiani.

Wilaya yetu ya Kasese inajua. Kuanzia Desemba 2007 hadi Julai 2009 walihesabiwa wagonjwa 577. Kati yao 249 walitoboka utumbo, na 47 walifariki. Wachunguzi walikuta maji ya kunywa yamechanganyika na kinyesi. Tena vijidudu vingi vilivyopimwa vilishinda dawa tatu za zamani: ampisilini, kloramfenikoli na Septrin. Basi anayejinunulia Septrin anapoteza fedha, na zaidi ya fedha anapoteza siku.

Siku ndizo zenye thamani. Homa hii hupanda polepole, kichwa kinauma, chakula hakipendezi. Mwingine huharisha, mwingine hapati choo kabisa. Vijidudu hukaa katika ukuta wa utumbo mwembamba na kuula. Mara nyingi hutoboka katika juma la tatu, hata kwa mtu aliyekuwa akijikaza kazini. Maumivu huja ghafla, tumbo likawa gumu kama ubao, na mgonjwa hataki kuguswa. Hapo msimpe chakula, wala mitishamba, wala bomba la kuoshea tumbo. Tafuteni gari, mkimbilie Bwera au Kagando usiku huo huo.

Wengi wanaogopa kisu kwa sababu hawajaelezwa. Hospitali hupiga picha ya eksirei kuona kama kuna hewa iliyovuja tumboni. Mgonjwa hutiwa maji ya mshipa na dawa, na mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni ili kutoa uchafu. Kisha hulazwa usingizi, tumbo hufunguliwa, huoshwa usaha, tundu hushonwa. Utumbo ukiwa umeoza, kipande hukatwa. Pengine mdomo wa utumbo hutolewa nje kwa muda, choo kikaingia mfukoni. Si aibu hiyo. Wako waliorudishiwa utumbo wao ndani wakaendelea kulima.

Na maji? Watu husema maji ya Rwenzori ni safi kwa kuwa ni baridi na yanang'aa. Huko juu nako wanaishi watu! Chemsheni mpaka yatokote. Tumekuta vibarua shambani wakichota mferejini, na choo kiko mbali hata hakifikiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na vyoo. Tunayadai kwa haki, hatuombi hisani.

Aliyepasuliwa asibebe magunia ya pamba mpaka daktari aruhusu. Mshono wa ndani huchelewa kupona kuliko ngozi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini. Barua ya daktari ipelekwe ofisini mapema, nakala ibaki nyumbani, na jina la aliyeipokea liandikwe juu yake. Akikataa kuipokea, leteni habari kwa mwakilishi wenu siku hiyo hiyo.