Mpangaji wa Dar aulizia maji kwanza, vigae baadaye

SOKO la nyumba za kupangisha jijini Dar es Salaam lina maswali yake, na mwenye nyumba asiyeyajua huishia kukaa na vyumba vitupu. Mpangaji anayeongozana na dalali, kabla hata hajavuka kizingiti, huuliza mambo matatu: maji yapo, ni ya bomba au ya chumvi, na luku ni ya kujitegemea au ya kuchangia. Kodi hujadiliwa baada ya hapo. Vigae vya sakafuni na jipsamu ya darini, ambavyo ndivyo hula fedha nyingi ya mjenzi, huja mwisho.

Wateja si wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja katika miaka kumi, na wote hao wanalala mahali. Sehemu kubwa yao hawakupokewa na mashirika ya nyumba wala na mikopo ya benki, bali na watu binafsi waliojenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, kisha linta, kisha kupaua. Kwa hiyo mwelekeo wa soko hili huamuliwa na maelfu ya wenye nyumba wadogo, kila mmoja akiwa na laki chache mkononi na swali la wapi azitie.

Jibu linaloelekea kuwa sahihi kwa nyumba nyingi liko juu ya paa.

Oktoba na Novemba 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka na jiji likaingia katika mgawo wa maji. Waliokuwa na kisima walipona kwa kiasi, ingawa maji ya visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na bahari, yana chumvi. Maji hayo hayapikiki vizuri, hula koki na mabomba ya chuma, na huharibu hita ya bafuni kabla ya wakati wake. Wengine walinunua maji ya boza na ya dumu. Mvua za vuli zilipokuja, maji yaleyale yaliyokuwa yakitafutwa yakamwagika kutoka kwenye mabati na kukimbilia mtaroni.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu yenye paa linalofunika mita za mraba 120 hupokea basi lita 132,000. Ukitoa sehemu ya tano kwa yale yanayoruka, yanayokauka na yanayoachwa yaoshe vumbi, zinabaki lita 105,000 na ushei. Familia ya watu sita, kila mtu akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, huhitaji lita 43,800 kwa mwaka mzima. Ndoo moja ni kidogo, lakini hata ikizidishwa mara mbili paa bado lina ziada.

Tatizo haliko katika kiasi cha mvua bali katika mahali pa kuiweka. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Katikati, Juni hadi Septemba, ni siku 122 ambazo mvua ni ya kubahatisha. Familia hiyo hiyo kwa ndoo moja kila mtu itatumia lita 14,640 katika kipindi hicho. Matangi matatu ya plastiki ya lita 5,000 yanatosha kuivusha. Mwenye uwanja anaweza kujenga tangi la chini kwa tofali, nondo na saruji, likapigwa plasta isiyovujisha, na juu yake pakabaki sehemu ya kuegesha gari. Tangi la chini humlazimu kununua pampu, jambo ambalo hurudisha suala la umeme. Tangi lililowekwa juu ya mnara mfupi hushusha maji lenyewe.

Kosa linalorudiwa mno ni kununua tangi kubwa na kubania gata. Gata nyembamba, au iliyofungwa upande mmoja tu wa paa, hupoteza nusu ya mvua, na masika ya Dar es Salaam hayanyeshi kwa adabu. Kosa la pili ni kuyaingiza tangini maji ya mvua ya kwanza, yaliyobeba vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha ndege. Bomba la pembeni lenye kizibo, linaloyapokea maji hayo ya mwanzo na kuyamwaga, ni kazi ya saa chache kwa fundi bomba. Tangi lifunikwe, pasiwe na mwanga wala mbu. Ya kunywa yachemshwe kama mengine yote. Paa la zamani la asbesto liondolewe kwa utaratibu wake kabla ya kufikiria kukinga maji.

Faida ipimwe kwa namna ya mfanyabiashara. Tuchukue mfano wa nyumba yenye vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja shilingi 150,000 kwa mwezi, na kila kimoja hukaa kitupu miezi miwili kwa mwaka mpangaji mmoja akihama na mwingine akitafutwa. Ikiwa maji ya uhakika yatapunguza muda huo hadi nusu mwezi, mwenye nyumba anaokoa mwezi mmoja na nusu kwa kila chumba, yaani shilingi 675,000 kwa mwaka. Mradi wa gata, matangi na bomba uliomgharimu shilingi 1,800,000 utakuwa umejilipa kabla ya miaka mitatu kwisha, bila hata kuhesabu maboza ambayo hakuyanunua. Kila mtu aweke takwimu za mtaa wake mahali pa hizi. Njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo.

Luku ni ugomvi wa pili. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Wapangaji wanne wanaochangia mita moja huvuka uniti 75 wiki ya pili tu, kisha wote wanaangukia bei ya juu, halafu yanaanza maneno ya nani ana friji na nani anapiga pasi usiku. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo imekatwa kupitia luku, na mpangaji aliyeona fedha yake inapungua kwa deni ambalo si lake ana haki ya kuuliza. Mwenye nyumba mwenye busara huliandika jambo hilo katika mkataba na kulipunguza kwenye kodi ya pango.

Mlaji mkubwa aliyejificha ni hita ya bafuni. Hita ya kilowati tano ikiwashwa dakika kumi hula karibu uniti moja. Watu sita kwa siku wanafikia uniti tano, na kwa mwezi 150. Katika jiji ambalo tangi jeusi likianikwa juani mchana hutoa maji ya vuguvugu jioni, hilo ni anasa ya kulipia mara mbili.

Joto la ndani lina uhusiano na madirisha zaidi ya watu wanavyodhani. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo limekuwa alama ya nyumba ya kisasa, hufunguka nusu tu. Nusu nyingine daima imezibwa na kioo. Zile luva za vioo zilizodharauliwa zilifungua karibu dirisha lote. Pwani ina upepo wa kusi kuanzia Aprili hadi Septemba na wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana katika mwelekeo huo hupoa bila feni kuzunguka usiku kucha. Dari ikiachiwa matundu ya hewa chini ya paa, joto la bati hutoka badala ya kushuka kitandani. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha jua. Jekundu iliyokoza na nyeusi, ambazo soko linazipenda kwa sura, hulinyonya. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi unafanya kazi ambayo kiyoyozi kingeifanya kwa malipo.

Kwa anayeongeza chumba cha uani, tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulizieneza, hazichomwi kwa kuni na hupangwa kwa udongo wa kuunganishia mdogo sana. Zinahitaji udongo unaofaa na kumwagiliwa siku saba bila kukatiza. Mafundi wengi huikatiza.

Mabadiliko hayo yote hayana maana kwa nyumba iliyo mahali pabaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe wa bahari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini na kuwahamishia wakazi wa bonde la Msimbazi huko Mabwepande. Miaka minne baadaye alama ya X nyekundu ilipakwa kwenye nyumba nyingine za bondeni na tingatinga likafuata. Tangu hapo mnunuzi makini, akionyeshwa nyumba ya bei ya chini kupita kiasi karibu na mto, huja na futi kamba. Mwenye kiwanja cha namna hiyo asiongeze hata tofali moja kabla ya kwenda kupima na kuuliza ofisi ya ardhi ya manispaa.

Walio mahali pazuri wana kalenda ya kufuata. Masika huanza Machi, na katika wiki zake za kwanza mafundi gata hutafutwa na kila mtu kwa wakati mmoja. Kazi iliyokamilika Februari hukinga mvua yote ya msimu. Inayokamilika Juni itakaa na matangi matupu mpaka Oktoba.