Kusaka Makosa katika Matini Asilia ya Programu

Mwandishi wa programu huandika kwa lugha moja, na tarakilishi hutenda kazi kwa lugha nyingine. Matini aiandikayo, kwa mfano katika lugha ya C, ina majina na kauli zisomekazo. Ikishafasiriwa hugeuka kuwa mfululizo wa tarakimu ambao mashine huutii pasipo kuuelewa. Kosa hujitokeza tafsiri inapotekelezwa, lakini halina budi kusahihishwa katika matini asilia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyombo vya kusaka makosa vinavyoziba pengo hilo, na mahali vinapokoma.

Vyombo vya awali, kama vile DDT iliyotumika katika tarakilishi ya PDP-1 huko Marekani katika miaka ya 1960, vilimwezesha msakaji kuchungua maagizo ya mashine yenyewe. Baadaye vilizuka vyombo vinavyozungumza lugha ya mwandishi. Miongoni mwavyo ni dbx, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na GDB, aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986, ambayo ingali ikitumika.

Siri ya vyombo hivi imo katika kumbukumbu anazoziacha mfasiri, yaani ile programu igeuzayo matini kuwa maagizo. Akiombwa, mfasiri huandika pembeni ni mstari upi uliozaa agizo lipi, na kila kigeu kimehifadhiwa wapi na ni cha aina gani. DWARF ni mojawapo ya taratibu za kuziandika kumbukumbu hizo. Mtumiaji akitaka programu isimame penye mstari fulani, chombo hutafuta agizo la mstari huo na kuweka mahali pake alama ya kusimamisha. Katika prosesa za jamii ya x86, alama hiyo ni baiti moja yenye thamani ya 204. Programu ikisimama, baiti ya asili hurudishwa, na vigeu huweza kusomwa kwa majina yao.

Mathalani, iwapo programu inakokotoa wastani wa alama za darasa kwa kugawanya kigeu "jumla" kwa kigeu "idadi", vyote vikiwa namba kamili, na "idadi" ikawa 0, prosesa hiyo hukataa na programu hukatika. Pasipo kumbukumbu za mfasiri, msakaji huambulia anwani ya tarakimu tupu. Zikiwapo, huonyeshwa mstari wenyewe, thamani ya "idadi", na mlolongo wa sehemu za programu zilizoitana hadi kufika hapo. Akiufuata mlolongo huo kinyumenyume, huenda akagundua kwamba faili ya darasa haikusomwa kamwe. Wahenga walinena kwamba mtu asitazame alipoangukia, bali alipojikwaa. Chombo huonyesha mwanguko. Kujikwaa hutafutwa na akili ya mtu.

Kuna kikomo kingine. Mfasiri akiamriwa kuharakisha programu, hupanga upya maagizo, huunganisha mistari, na hata hukiondoa kigeu anachokiona hakihitajiki. Hapo ulinganifu wa neno kwa neno huvunjika: utekelezaji huonekana kurukaruka mbele na nyuma, na chombo hujibu kwamba thamani iliyoulizwa haipo tena. Ndiyo sababu wengi husaka makosa katika tafsiri isiyoharakishwa, ingawa yapo makosa yasiyojitokeza ila baada ya kuharakisha.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina uzito wake. Mashine haihitaji kujua kwamba kigeu kimoja kiliitwa "jumla" na kingine "idadi". Majina hayo yamehifadhiwa kwa ajili ya msomaji wa kibinadamu peke yake. Aliyeyateua kwa Kiswahili atarudishiwa Kiswahili saa ya dhiki, na aliyeviita vigeu vyake "a" na "b" atarudishiwa herufi hizo hizo. Hakuna chombo kiwezacho kuirejesha maana ambayo mwandishi hakuiweka katika matini tangu mwanzo.