Mtihani Nao Hupimwa

Mwanafunzi wa saikolojia akitaja anachosomea, watu humwuliza atafungua lini ofisi ya ushauri nasaha. Wapo pia walioingia kozi hiyo wakikimbia hesabu, wakaridhika na dhana hiyo. Hivyo upimaji na tathmini, tawi linalodai hesabu kuliko mengine, hupitwa kama halipo, ilhali kazi zake ziko kwenye mitihani ya taifa, usaili wa ajira, kliniki za watoto na vituo vya utafiti.

Nianze na mitihani, kwa kuwa sote tumeionja. Mwalimu mzuri wa Jiografia anaweza kutunga swali la kuchagua jibu. Kujua kama swali hilo linafaa ni kazi nyingine. Swali hujaribiwa kwanza kwa kundi la wanafunzi, kisha majibu yao huchambuliwa. Wangapi wamelipata? Je, waliolipata ndio waliofanya vizuri katika mtihani mzima, au ndio walioshika mkia? Swali ambalo hodari wanalikosa na dhaifu wanalipata lina kasoro: pengine majibu mawili ni sahihi, au maneno yake yanamtega anayefikiri zaidi. Zito kuliko yote ni swali ambalo watoto wa mjini hulipata na wa kijijini hulikosa, ingawa wana uwezo sawa katika somo lenyewe. Hapo kinachopimwa ni mazingira ya mtoto. Kuligundua kunataka takwimu, na kunataka mtu anayeelewa jinsi mtoto anavyofikiri.

Ndiyo maana mabaraza ya mitihani, yaani NECTA ya Tanzania, KNEC ya Kenya na UNEB ya Uganda, ni milango ya kubisha hodi kwa anayetafuta kazi hii. Kenya ilianza kuujaribu mtaala wa umilisi mwaka 2017, na mtihani wa mwisho wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ukafanywa 2023. Sasa sehemu ya alama hutokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni kwake. Mwalimu wa Turkana na wa Mombasa wanapaswa kuipa kazi ileile alama ileile, na hilo halitokei lenyewe. Lazima kuwe na mwongozo wa usahihishaji uliofanyiwa majaribio, na mtu wa kukagua ni wapi wasahihishaji wanahitilafiana.

Lakini wasahihishaji kukubaliana hakutoshi: kuna mizani ya sokoni inayozidisha robo kilo kila inapopima. Haibadiliki, lakini haisemi kweli. Vipimo vingi vya akili tulivyovipokea kutoka Ulaya na Marekani vina hatari hiyo vinapotumiwa kwetu. Mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walitangulia. Kwa waya, walitangulia wa Zambia, ambao hujitengenezea magari ya kuchezea kwa waya. Kwa udongo wa kufinyanga, hawakupitana. Aliyetumia karatasi peke yake angeandika ripoti ya kuwadhalilisha watoto wasio na kosa lolote.

Kazi ya kutengeneza vipimo vya hapa imeshaanza. Katika kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachoangalia mwendo wa mwili na jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana. Tathmini yake ilichapishwa mwaka 2008. Utafiti wa athari za maradhi na utapiamlo kwa watoto hauendi mbali bila chombo cha namna hiyo, na vinavyohitajika bado ni vingi: vya kumbukumbu, vya lugha, vya sonona kwa vijana.

Karibu na hapo ipo kazi ya kumpima mtoto mmoja mmoja. Kenya imekuwa na vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984. Uamuzi wa mtoto asome wapi na asaidiweje hutegemea ripoti ya upimaji, kwa hiyo ripoti mbovu humgharimu mtoto miaka.

Waajiri nao wanahitaji msaada, hata wasiojua kwamba wanauhitaji. Utafiti wa muda mrefu umeonyesha kuwa usaili ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile hubashiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo ya kubahatisha. Zile dodoso za haiba zinazochukuliwa intaneti na kugawiwa kwenye semina za kampuni ni burudani. Kumnyima mtu kazi kwa sababu ya dodoso kama hizo ni dhuluma.

Anayetaka kufanya kazi hii nchini Kenya aisome Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, kwa kuwa inadai usajili. Na wewe uliye mwaka wa pili chuoni, usilikwepe somo la takwimu. Jifunze programu ya R, ambayo ni ya bure. Kwa tasnifu yako chagua kipimo kimoja kinachotumika katika hospitali au shule ya karibu, ukague kama kinawafaa wanaopimwa nacho. Siku ya usaili utakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya cheti.