Bomba la Kisima Likigoma: Jinsi ya Kutambua Ubovu na Kubadilisha Raba

Katika makazi mengi ya askari na polisi nchini Uganda, siku huanza kwa sauti ya mpini wa bomba. Kabla jua halijachomoza, akina mama na watoto huwa wamekwisha panga jerikeni zao za manjano, kila mmoja akijua nani yuko mbele yake. Lakini iko asubuhi ambayo mpini hupanda na kushuka bila kutoa hata tone. Asubuhi hiyo nyumba nzima huyumba. Chai haichemki, watoto huchelewa shuleni, na njia ya kwenda bondeni, iliyokuwa imeanza kuota majani, hukanyagwa tena. Maji ya kinamasi hurudi jikoni, na pamoja nayo hurudi kuhara, homa ya matumbo na hofu ya kipindupindu.

Jambo la kwanza linalosemwa foleni ni kwamba kisima kimekauka. Jambo la pili ni kwamba watoto wa nyumba fulani ndio waliouvunja mpini. Mara nyingi yote mawili si kweli. Maji yangali chini, wala hakuna aliyevunja kitu. Kilichochakaa ni raba mbili ndogo ambazo kubadilishwa kwake si kazi ya siku nzima, mradi watu wamejipanga na wana vifaa.

Bomba hilo lina nasaba yake. Asili yake ni India, ambako katika miaka ya 1970 wahandisi, kwa msaada wa shirika la UNICEF, waliunda pampu imara ya mkono iitwayo India Mark II. Uganda iliichukua na kuiita U2. Baadaye ikaja U3, iliyotengenezwa ili ubovu wa chini uweze kutengenezwa na watu wa mahali penyewe. Katika U2 bomba la kupandishia maji ni jembamba, lenye upana wa milimita 32, hivyo pistoni haiwezi kupita ndani yake. Ili kuifikia raba, hapana budi mabomba yote yatolewe. Katika U3 bomba hilo lina upana wa milimita 65, na pistoni huvutwa juu peke yake huku mabomba yakibaki kisimani.

Tofauti hiyo ni kubwa. Kisima chenye mabomba ya U2 ya urefu wa mita 45 hubeba chuma na maji ya uzito unaozidi kilo 200. Kazi hiyo huhitaji winchi, kamba na fundi aliyefundishwa, na si ya kujaribiwa na familia. Bali fito 15 za U3, kila moja ya mita 3, zina uzito wa kilo 40 tu hivi. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, wenye kisima na waulize kwanza: bomba letu ni la aina gani?

Kutambua ubovu

Fundi mwenye busara hutazama na kuhesabu kabla ya kufungua. Silinda ya bomba hili ina kipenyo cha milimita 63.5, na pistoni husafiri milimita 125. Basi kila pigo kamili la mpini hupandisha takriban lita 0.4, na jerikeni ya lita 20 hujaa kwa mapigo 50 hivi. Ikiwa sasa inahitaji mapigo 80 au zaidi, raba za pistoni zimelika.

Jaribio la pili ni la kupumzisha. Bomba liachwe nusu saa bila kuguswa, kisha mpini upigwe tena. Maji yakitoka kabla ya pigo la 5 kupita, hali ni nzuri. Yakichelewa zaidi, yanavuja kurudi chini, ama kwa vali ya chini isiyoziba, ama kwa kiungo cha bomba kilicholegea au kutoboka.

Mpini ukiwa mwepesi ghafula kama usiobeba kitu, fito imekatika au imefunguka. Ukicheza kushoto na kulia, beringi au nati za mhimili zimelegea. Ukilia, mnyororo unataka grisi. Na maji yakitoka mekundu asubuhi, kisha yakasafika baada ya kupigwa kwa muda, huenda kutu inakula mabomba ya chuma. Katika visima vyenye maji yenye asidi kutu hiyo hurudi daima, na kubadilisha raba hakutaiponya. Hapo dawa ni mabomba yasiyoshika kutu.

Kubadilisha raba za U3

Kazi hii yataka watu wanne au watano, spana, kibano cha kushikia fito, raba mpya za kipimo hicho hicho, grisi na turubai safi. Watoto na mifugo wawekwe mbali.

Kwanza kifuniko cha kichwa cha bomba hufunguliwa. Fito ya juu hushikwa imara kwa kibano, ndipo mnyororo unapotenganishwa nayo, na mpini pamoja na kichwa vikaondolewa. Hatua hii haitaki haraka. Fito zikiponyoka zikaanguka, tatizo la raba hugeuka kuwa tatizo la kisima kizima.

Kisha fito hushushwa taratibu mpaka pistoni iguse vali ya chini, nazo huzungushwa kwa mwendo wa saa mizunguko michache ili pistoni ijifunge kwenye vali. Zikivutwa, vali hutoka mahali pake na maji yaliyo bombani hushuka kisimani, nao mzigo hupungua. Fito hutolewa moja moja. Kila mara ile iliyo chini yake hubanwa kwanza kabla ya ile ya juu kufunguliwa. Zote hulazwa juu ya turubai, si juu ya udongo.

Pistoni ikifika juu, raba kuukuu huvuliwa na mpya kuvikwa zikielekea upande ule ule. Raba za vali ya pistoni na za vali ya chini hukaguliwa papo hapo, kwani ni upuuzi kurudi kesho kwa kazi ambayo ingemalizika leo. Fito iliyopinda au iliyolika meno ya nati haifai kurudishwa.

Vyote hivyo huoshwa kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kushushwa, na kila kiungo hukazwa kwa spana mbili. Bomba likisha fungwa, maji hupigwa na kumwagwa mpaka uchafu na harufu ya dawa viishe. Mwishowe jerikeni huwekwa na mapigo huhesabiwa tena. Hesabu ikirudi karibu na 50, kazi imefaulu.

Mfuko na daftari

Raba ni kitu cha bei ndogo, lakini kisima kinaweza kulala mwezi mzima kwa sababu hakuna mwenye fedha za kuinunua siku hiyo. Kila nyumba hungoja nyingine ianze, na wanaume hungoja gari la fundi. Wakati huo wote ni mama na binti wanaopanda kilima na jerikeni kichwani. Dawa yake ni mchango mdogo wa kila mwezi, daftari lililo wazi kwa kila mtu, na raba za akiba kabatini. Inafaa mtunza fedha awe miongoni mwa wachotaji wenyewe, kwani yeye ndiye wa kwanza kuhisi mpini unapobadilika. Askari ahamishiwapo kituo kingine, naye amwachie mwenzake ujuzi huo, kama anavyokabidhi vifaa vingine vya kazi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Jerikeni moja ikihesabiwa mapigo kila mwanzo wa mwezi, ufa huonekana mapema, na njia ya bondeni huota majani tena.