Mwalimu wa Chuo Kikuu Naye Afundishwe Kufundisha

Huko Buluo, katika mji wa Likasi, wazazi wengi hujinyima ili mtoto wao apate kuingia chuo kikuu. Ada hutoka katika mshahara wa kiwandani, katika unga uliouzwa sokoni, na mara nyingine katika deni. Basi wana haki ya kuuliza: je, huyo atakayemfundisha mtoto wetu, naye amefundishwa kufundisha?

Swali hili si la utovu wa adabu. Anayetaka kufundisha katika shule ya sekondari huisomea kazi hiyo: hujifunza namna ya kupanga somo, na hufanya mazoezi mbele ya darasa huku mkubwa wake akimtazama. Katika chuo kikuu desturi ni nyingine, nayo imeenea mahali pengi duniani. Nchini Kongo kijana aliyefaulu vizuri huchukuliwa kuwa msaidizi. Akiendelea huwa mkuu wa kazi za mazoezi. Akipata udaktari aweza kuwa profesa. Katika ngazi hiyo yote hupimwa zaidi kwa elimu yake na kwa maandiko yake. Kama wanafunzi wamemwelewa, ni wachache waulizao.

Matokeo yake twayajua. Mwalimu husoma daftari lake, wanafunzi wengi huandika, na siku ya mtihani huyarudisha maneno yale yale. Mkono umefanya kazi, akili imelala. Anayeshindwa huitwa mvivu, na mzazi hulipa mwaka mwingine.

Nani angempa mtu mtambo wa kiwanda cha shaba cha Shituru, palepale Likasi, kwa sababu tu amesoma habari zake kitabuni? Lazima kwanza akae kando ya fundi, atazame, ajaribu, asahihishwe. Kufundisha nako ni ufundi.

Likasi yenyewe imezaa mwalimu mkubwa. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa huko mwaka 1941, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Alifundisha Lubumbashi, kisha Marekani, katika vyuo vikuu vya Stanford na Duke, akafariki mwaka 2025. Katika Stanford hiyo hiyo, mwaka 1963, miaka mingi kabla yeye hajafika, ulibuniwa mtindo wa somo dogo. Anayejifunza ualimu hufundisha jambo moja kwa dakika chache, mbele ya wanafunzi wachache. Somo hurekodiwa, kisha hujitazama mwenyewe, wenzake humwonyesha kasoro, naye hulifundisha upya. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1962, Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua kituo cha kuwasaidia walimu wake kufundisha vema, na vyuo vingi vimefuata mfano huo.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Wasaidizi wanne na profesa mmoja, chumba kimoja, ubao na chaki vyatosha. Simu ya mkononi yaweza kurekodi. Mkubwa aingie darasani mwa mdogo ili amwongoze, wala asimvizie. Na mdogo aingie kwa mkubwa. Wanafunzi nao waulizwe katikati ya mwaka, bila kuandika majina yao: ni lipi hamjalielewa?

Haja imezidi sasa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vilianza kuingia katika utaratibu wa lisansi, masta na udaktari, ambao huhesabu saa za mwalimu pamoja na kazi anayoifanya mwanafunzi mwenyewe. Hapo mwalimu asomaye daftari tu hatatosha.

Nanyi vijana mnaotamani kufundisha vyuoni, twawasihi mwanze leo. Mweleze mdogo wako hesabu uliyoifahamu jana. Asipoelewa, usimkaripie, tafuta njia ya pili, hata ya tatu. Mwenye kuzoea hivyo tangu ujana, siku atakapopewa darasa, wazazi wa wanafunzi wake hawatajuta kwa ada waliyolipa.