Fundi wa Basi Naye Apimwe



Huko New York, tarehe 28 Agosti, 1991, treni ya chini ya ardhi iliyoendeshwa na dereva mlevi iliacha reli, wakafa watu 5. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri kwa kushtukiza, pombe na dawa za kulevya. Anayekataa huhesabiwa ameshindwa. Nililolipenda ni kwamba hata fundi wa breki hupimwa. Hapa kwetu macho yote ni kwa dereva, tena akiwa tayari njiani na abiria! Wanafunzi wangu hupanda mabasi hayo. Je, aliyekaza nati za magurudumu alfajiri hakuwa amelewa? Wahusika watujibu.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa.