Ziwa la Naivasha na Samaki Wake Wageni

Msafiri aondokaye Nairobi kwa njia ya Limuru, akiisha kufika ukingoni mwa Bonde la Ufa, huona chini yake mlima Longonot umesimama peke yake, na ng'ambo ya mlima huo ndiko liliko ziwa la Naivasha. Kutoka mji mkuu hata mji wa Naivasha ni kama kilomita 90. Kusini mwa ziwa iko hifadhi ya Hell's Gate, iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, na kwa hiyo watu wengi wa mjini hupenda kwenda huko siku za mapumziko. Hupanda mashua, hutazama viboko kwa mbali, kisha huketi ufukoni na kula samaki wa kukaanga pamoja na ugali.

Walio wengi katika wageni hao hawajui kwamba samaki aliye mbele yao naye ni mgeni. Kizazi chake hakikutoka katika ziwa lile, bali kililetwa na watu, kama vile mahindi na viazi vilivyoletwa katika mashamba yetu.

Ziwa lenyewe ni la ajabu. Majirani zake, Elementaita na Nakuru, wana maji ya magadi yasiyonyweka, lakini maji ya Naivasha ni matamu. Tena hakuna mto hata mmoja unaoonekana kutoka humo. Mito Malewa na Gilgil huingiza maji mapya, na sehemu ya maji ya ziwa hupenya chini ya ardhi, ikichukua chumvi pamoja nayo. Wamaasai waliliita Enaiposha, kwa sababu ya maji yake kwenda huku na huku yapigwapo na upepo.

Zamani ziwa hili halikuwa na samaki wa kumfaa mvuvi. Alikuwamo samaki mdogo tu wa asili, naye hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Mwaka 1925 uliletwa ngege wa kwanza. Mwaka 1929 akaletwa besi kutoka Marekani, kwa ajili ya walowezi wa Kizungu waliopenda kuvua kwa ndoano kama mchezo. Mwaka 1956 zikaingia aina nyingine mbili za ngege, na mwaka 1959 ukaanza uvuvi wa biashara kwa nyavu. Mwaka 1970 akatiwa ziwani kamba mwekundu wa maji baridi, ambaye asili yake pia ni Marekani. Kamba huyo alizaana upesi, akala majani ya majini hata mayungiyungi yakatoweka mahali pengi.

Basi ziwa hili ni kama shamba lililopandwa na watu, na kama shamba lolote lile, halitoi mavuno kwa mtu asiyejua tabia ya mbegu yake. Ngege dume huchimba kitako katika maji haba karibu na pwani, na jike hutaga humo. Kisha, kwa aina moja katika ngege wa 1956, jike huyachukua mayai kinywani mwake, akayalea humo mpaka yaanguliwe, na hata vitoto vikiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama. Mtu akimvua jike wakati huo, hakuvua samaki mmoja, bali ameondoa nyumba nzima. Besi naye hutengeneza kiota, na dume hukilinda bila kuondoka.

Kwa sababu hiyo maji haba ya ufukoni, penye mafunjo na majani, ndiyo kitalu cha ziwa. Mafunjo huzuia pia tope na mbolea ziletwazo na mvua kutoka mashambani. Yakikatwa au kuchomwa ili kupata nafasi ya kulima mboga, mkulima hupata tuta chache, lakini mvuvi hupoteza kitalu. Wala madhara hayatoki ufukoni peke yake, kwa maana udongo unaochukuliwa na mvua katika miinuko ya mto Malewa, mahali pasipo na matuta ya kuzuia maji, mwisho wake ni ziwani.

Kufikia mwaka 2001 samaki walikuwa wamepungua hata Serikali ikafunga uvuvi kwa muda wa kama mwaka mmoja, ili samaki wapate kuzaana. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema, lakini ilikuwa nzito. Mwenye shamba aliweza kulima. Aliyetegemea mashua peke yake, na ambaye watoto wake walikuwa wakingoja karo, alivuta mashua nchi kavu akaketi.

Katika miaka ile ile alionekana mgeni mwingine asiyealikwa. Huyu ni samaki aitwaye kapi, ambaye hufugwa katika mabwawa, naye aliingia ziwani kwa njia ya mto Malewa. Kapi jike mkubwa huweza kutaga mayai laki kadhaa, wala hasumbuliwi na maji yenye tope. Baada ya miaka michache tu yeye ndiye aliyejaza nyavu kuliko wote. Walaji wengi walimlalamikia mwanzoni kwa sababu ya miiba yake, lakini ndiye aliyewarudishia wavuvi riziki. Hata hivyo si rafiki kamili, kwani hula kwa kufukua matope, na kwa kufukua huko huchafua maji na kung'oa majani ambayo ngege huyahitaji. Mwaka 2011 Serikali ilitia ziwani ngege wa mto Nile ili kuongeza mavuno.

Lakini kuongeza mbegu hakufai kitu ikiwa mche unang'olewa kabla ya kukua. Wako watu wanaoingia majini kwa miguu usiku, bila leseni wala mashua, wakikokota nyavu zenye matundu madogo kabisa mahali pale pale palipo vitalu. Hujihatarisha kwa viboko, na wengine wameuawa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa, hujibu kwamba mtoto mwenye njaa hawezi kungoja ngege akue. Neno hilo si la kudharauliwa, maana njaa haina subira. Lakini samaki wa kiasi cha kidole, ambao kilo yao nzima haimshibishi mtoto siku mbili, wangaliachwa miezi kadhaa wangalikuwa chakula cha jamaa nyingi, na mtoto yule yule angalikula mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana wavuvi wenyewe, katika kamati za pwani wanazoziunda kwa sheria, hawana budi kuwa walinzi wa kwanza. Askari wa uvuvi hawezi kuwa kila ufuko kila usiku, lakini jirani anajua ni nani aliyerudi alfajiri na gunia la samaki wachanga. Mnunuzi naye ana sehemu yake, kwa kuwa samaki mchanga asiponunuliwa sokoni hakuna atakayehatarisha maisha yake kumvua.

Mkulima hahitaji kufundishwa jambo hili. Hata mwaka wa njaa huona mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya moshi jikoni, na mkono wake huyaacha. Ngege aliye na mayai kinywani ndiye mahindi ya mbegu ya Naivasha. Wahenga walisema akiba haiozi.